Ramani ya kale nyumbani: andika kasoro zake kabla haijaibiwa

Jumamosi mvua ya masika ilinifungia ndani, hapa Ngamiani. Badala ya kuandika tasnifu, nikasoma habari za Forbes Smiley, muuza ramani wa Marekani. Mwaka 2005, katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, mfanyakazi aliona wembe sakafuni. Siku hiyohiyo Smiley akakamatwa: alikuwa akikata ramani vitabuni. Baadaye alikiri kuiba ramani 97. Nikainuka, nikaitoa ramani ya babu, ya enzi za Mjerumani.

Nawa mikono, ikauke kabisa. Mafuta ya nazi na karatasi kuukuu havipatani. Tandika shuka safi mezani. Pima kwa milimita. Piga picha mbele na nyuma kwa mwanga wa dirisha, rula ikionekana pembeni.

Sasa kasoro, na hapa usiwe na haraka. Ramani za chapa zina ndugu wengi wanaofanana; kasoro ndiyo kitambulisho. Yangu ina matundu matatu ya wadudu karibu na bandari, yamekaa kama mafiga, na duara la kikombe cha chai juu ya Pangani. (Mjomba anakana mpaka leo.)

Ikiwa ramani zimo kitabuni, hesabu kurasa, kisha pitisha kidole kwenye mshono. Ukigusa kipande chembamba kilichokatwa kwa unyoofu, hapo palipita wembe.

Usiipeleke kutiwa plastiki, hata fundi akubembeleze vipi. Maelezo na picha usiviweke kabati moja na ramani. Vyangu viko kwa shangazi, Muheza.