Petroli Kuchemka Ndani ya Kabureta: Namna ya Kuizuia

Gari la zamani limetembea vizuri, limezimwa robo saa, sasa haliwaki na boneti nzima inanuka petroli. Plagi na starta mara nyingi hazina kosa. Injini ikizimwa, feni na maji ya rejeta husimama, ila ekzosi bado ni ya moto sana, na joto lake hupanda hadi kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) iliyo juu yake. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Petroli ya kwenye bakuli (chumba cha akiba ndani ya kabureta) hutoa mapovu, hufurika na kudondokea ndani ya manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye injini), injini ikalowa petroli.

Ili iwake, kanyaga akseleta mpaka chini, ishikilie hapohapo, kisha piga starta. Choki (kizibo cha hewa cha kuwashia injini baridi) usiiguse. Ukipampu akseleta unazidi kuilowesha.

Gari likikosa nguvu au kuzima lenyewe likiwa safarini, hasa kwenye foleni au mlima, hilo ni tatizo jingine: mvuke umejaa kwenye paipu au pampu, na kabureta inakauka.

Kabla ya kununua chochote, kagua chanzo cha joto. Taimingi iliyochelewa (cheche za plagi kuja kwa kuchelewa) na mchanganyiko wenye hewa nyingi huchemsha ekzosi kupita kiasi. Kwenye injini zenye valvu ya kupashia manifoldi joto, hakikisha haijakwama ikiwa imefungwa. Pima pia kiwango cha petroli kwenye bakuli. Boya linalodhibiti kiwango hicho likikaa juu mno, mapovu kidogo tu yanatosha kumwaga petroli.

Dawa inayolipa zaidi ni kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu isiyopitisha joto kirahisi) chenye unene wa milimita 6 hadi 12 kati ya kabureta na manifoldi. Cha alumini hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kinapitisha joto. Weka gasketi mpya juu na chini, tumia studi zilizoongezwa urefu kulingana na unene huo, kaza kwa zamu pande zote bila kutumia nguvu nyingi. Ukikaza upande mmoja sana, kitako cha kabureta hupinda na kuvuta hewa. Halafu hakikisha boneti inafunga: bandika donge la udongo laini juu ya kifuniko cha chujio la hewa, funga taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Ukiwa chini ya milimita 10, chagua kipande chembamba zaidi, maana injini huyumba ikifanya kazi.

Kinga ya joto ni bati la alumini la milimita 1 hadi 1.5 linalokaa chini ya bakuli la kabureta, lisigusane na ekzosi. Pengo la hewa ndilo linalofanya kazi kubwa.

Paipu ya petroli iwe mbali na ekzosi, angalau milimita 25, na isilazwe juu ya injini bila sababu. Vibanio vya nguo vya mbao ambavyo watu hubana kwenye paipu ni pambo tu. Kinachosaidia ni paipu ya kurudisha petroli kwenye tangi, yenye tundu la takriban milimita 1.5, ili petroli izunguke badala ya kukaa ikipata moto.

Pampu ya umeme iwe hatua ya mwisho. Ifungwe karibu na tangi, chini ya usawa wake, kwa kuwa pampu husukuma vizuri kuliko inavyovuta, na petroli iliyo kwenye shinikizo huchelewa kuchemka. Kabureta za SU (aina ya Kiingereza) hazitaki presha ya zaidi ya psi 3 hivi (paundi kwa inchi ya mraba). Nyingi za Kimarekani hufanya kazi kwenye 5 hadi 6. Weka swichi inayokata umeme wa pampu presha ya oili ikishuka, la sivyo itaendelea kumwaga petroli baada ya ajali.

Petroli yenye ethanoli huvukiza kwa urahisi zaidi, na hula mipira ya zamani ya kupitisha petroli. Badilisha mipira yote kwa ile yenye alama ya daraja la R9, inayostahimili ethanoli, injini ikiwa baridi na betri imechomolewa.