Kufunga Kamera za Ulinzi katika Nyumba ya Mawe ya Lamu bila Kuidhoofisha Wi-Fi

Mteja wangu wa mtaa wa Mkomani alifungiwa kamera nne zisizo na waya, na usiku huohuo watoto wakashindwa kutazama hata video moja. Alidhani kifurushi chake cha intaneti ni kidogo. Nilipopima, niliona kwamba kamera ya darini ilikuwa ikipokea mawimbi hafifu kupitia kuta mbili za matumbawe, kila moja ikiwa na unene wa karibu nusu mita. Kamera ya namna hiyo hutuma picha polepole, kwa hiyo hushika zamu ndefu hewani huku simu na televisheni zikisubiri.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kutoboa. Simama na simu mahali hasa kamera itakapokaa, ufungue programu ya kupima mawimbi, na usome kiwango cha bendi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo kamera nyingi za nyumbani huitumia. Kiwango cha -65 dBm (kipimo cha nguvu za mawimbi; kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri ndivyo yanavyokuwa hafifu) kinafaa. Kikifika -75, tafuta mahali pengine au usogeze chanzo cha mawimbi.

Hatua ya 2: Hesabu upakiaji, yaani kasi ya kutuma data nje. Kamera ya 1080p (picha za HD kamili) inaweza kutumia takriban megabiti 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 21 kwa siku. Nne zikituma picha nje mfululizo zitahitaji megabiti 8, jambo ambalo kifurushi chenye upakiaji wa megabiti 10 hakiwezi kulistahimili watu wakiwa nyumbani.

Hatua ya 3: Rekodi ndani ya kamera. Kadi ya memori ya gigabaiti 128 huhifadhi zaidi ya siku tano kwa kiwango hicho. Intaneti ibaki kwa tahadhari na kwa kutazama ukiwa mbali.

Hatua ya 4: Zipe kamera kituo chao cha Wi-Fi. Mafundi wengi huwasha mtandao wa wageni kwenye ruta ileile na kudhani wamepunguza mzigo. Hilo husaidia usalama, lakini hewa inayotumika ni ileile. Ninachopendelea ni kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kituo kidogo kilicho karibu na kiwanda cha nyumba (yaani ua wa ndani), ukipita kando ya boriti bila kuugusa mlango wa nakshi. Ruta ikiwa kwenye chaneli 1, kituo kiwe kwenye 6 au 11 ili mawimbi yao yasiingiliane, vyote kwa upana wa megahezi 20. Simu na televisheni zilizo chumba kimoja na ruta zihamishiwe gigahezi 5, bendi ambayo haipenyi kuta zetu vizuri.

Hatua ya 5: Badilisha nywila iliyokuja na kamera, kisha uchore eneo la kugundua mwendo. Ukiuacha uchochoro mzima ndani ya eneo hilo, kila punda anayepita atakuletea tahadhari. Kiwanda cha jirani kisionekane kabisa, kwani hiyo ni sitara yake.

Hatua ya 6: Washa kamera moja moja, ukipima kasi kwenye simu baada ya kila moja, na urudie kipimo usiku nyumba ikiwa na watu wote. Kasi isipoporomoka, ndipo ukaze skrubu, nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa maana hewa ya chumvi ya hapa huzila haraka zile za kawaida.