Kabla ya kununua lipiko la kupamba sebule
Anayetaka kupamba sebule yake kwa lipiko, yaani barakoa ya Kimakonde, na alinyanyue kwa mikono yake kabla ya kuuliza bei. Mapiko ya ngoma za jando na unyago, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji huyavaa kichwani kama kofia na kucheza nayo kwa muda mrefu. Kwa hiyo barakoa nzito ya mpingo, hata ikiwa nzuri ya kuvutia, ni kazi ya sokoni, na bei yake ifuate ukweli huo.

Ulizia pia lilikotoka na udai maelezo ya maandishi, maana lipiko lililoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 lilikuja kuonekana Geneva, na halikurejeshwa hadi mwaka 2010.

Lisipigiliwe msumari ukutani, bali lisimamishwe juu ya kigingi, mbali na jua la dirishani, ambalo hupasua mbao na kulainisha nta ya nyuki iliyotumika kuchorea chale za usoni. Ukiona unga mwembamba chini yake, wadudu wameanza kulibungua: lifunge vizuri ndani ya nailoni, uliweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uliache lipate joto la chumba kabla ya kulifungua. Usilipake vanishi kamwe, kwani madoa ya jasho na mikwaruzo ya ndani ndiyo ushahidi kwamba liliwahi kuchezewa.