Namna ninavyoipanga Jumapili yangu na redio ya Waingereza

Jumapili yangu ya kwanza hapa Hull niliiharibu kwa mikono yangu. Nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, nikawasha redio jikoni, nikaanza kuzungusha. Huku mahubiri dakika tano, kule nusu ya wimbo, pengine watu wawili wanabishana habari za bunge. Ilipofika saa sita mchana kichwa kinagonga, na ukiniuliza nimesikia nini, sina la kukujibu.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu mmoja: maneno, halafu muziki, halafu redio inazimwa ipumzike. Sisikilizi stesheni moja kutwa, wala sirukiruki. Nachagua vipindi vinne au vitano usiku wa Jumamosi, naviandika kwenye karatasi, nabandika kwenye friji.

Kwanza chombo chenyewe. Redio yangu ni ya mtumba, inashika FM na DAB, yaani ile ya kidijitali. Kusikiliza redio Uingereza hakuhitaji leseni. Ile ya redio peke yake ilifutwa mwaka 1971, na leseni ya televisheni ni habari nyingine. Kama una redio mbili nyumbani, usiweke moja FM chumbani na nyingine DAB jikoni. Ya kidijitali huchelewa sekunde kadhaa, na utamsikia mtangazaji akijifuata mwenyewe kwenye korido kama mwangwi wa kisimani. Kwa sababu hiyohiyo, ukitaka kurekebisha saa ya ukutani kwa zile pipu sita za Greenwich, milio ya redioni ya kutaja saa kamili, tumia FM. Tano ni fupi, ya sita ni ndefu, na saa kamili inaanza pale hiyo ndefu inapoanza.

Saa ninazotaja hapa ni zetu. Mtangazaji akisema tisa asubuhi, wewe hesabu saa tatu. Na vipindi huhamahama, basi hakikisha kwenye ratiba ya wiki hiyo kabla hujakaa.

Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, Radio 4, stesheni ya maneno ya shirika la BBC, hupiga kengele za kanisa fulani, kila wiki kanisa jingine. Kipindi kinaitwa Bells on Sunday na ni kifupi mno. Kama unatoka kazini ni kizuri. Kama umelala, lala.

Saa tatu kuna Broadcasting House. Hapa ndipo namshauri mgeni aanzie maneno, kwa sababu habari za wiki husemwa kwa utani kidogo na watu hualikwa kuyapitia magazeti ya Jumapili. Hutaelewa utani wote. Mimi ilinichukua miaka miwili kujua lini wanacheka na lini wamekasirika, maana Mwingereza hutumia sauti ileile kwa yote mawili.

Baada ya hapo ngojea Desert Island Discs, na hiki usikisikilize huku unakaanga kitu. Mgeni anaambiwa ameachwa peke yake kisiwani, achague rekodi nane za kwenda nazo, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na maandishi yote ya Shakespeare anapewa bure. Kilianza Januari 1942, vita vikiendelea, na aliyekibuni, Roy Plomley, ndiye aliyekiendesha hadi alipofariki mwaka 1985. Siku hizi mwenyeji ni Lauren Laverne. Kwangu mimi ni shule. Maneno na muziki vimeshonwa pamoja: mtu anaeleza mama yake alivyokuwa akiosha vyombo, halafu unausikia wimbo wenyewe, na pale ambapo Kiingereza chake kilikushinda wimbo unakufasiria. Namna ya kukisikiliza ni hii: chukua karatasi, andika wimbo wa kwanza na sababu yake kwa maneno matatu tu. Usiandike zaidi, utapoteza uhondo. Ukifika wa nane utakuwa na maisha ya mtu kwenye kipande cha karatasi. (Orodha yangu mwenyewe nimeifuta mara nyingi; nane hazitoshi, na taarabu peke yake inataka tano.)

The Archers hufuatia siku hizi, sehemu za wiki nzima zikiwa zimeunganishwa. Ni mchezo wa redio wa kijiji kisichokuwepo, Ambridge, ulioanza kurushwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, wakati chakula bado kikigawiwa kwa kadi, na nia ilikuwa kuwafundisha wakulima kuzalisha zaidi bila kuwachosha kwa hotuba. Wahusika ni wengi kama harusi ya pwani. Usijaribu kuwajua wote. Shika familia ya shamba moja, Brookfield, ufuate hiyo kwa mwezi mzima, na wengine watajileta wenyewe. Kama baada ya mwezi bado hujali ng'ombe wa nani anaumwa, acha, hakuna atakayekulaumu. Mimi nilikaribia kuacha, mpaka wazee kazini wakaniambia habari za Septemba 1955, mhusika mmoja, Grace Archer, alipokufa kwa moto usiku uleule televisheni ya kwanza ya kibiashara nchini ilipofungua matangazo, na nchi ikamzungumza Grace. Nikarudi.

Sasa zima. Saa moja nzima ya kimya, kula, osha vyombo. Hapa wengi hukosea.

Mchana nampa mtu njia mbili. Ukipenda nyimbo za tamthilia za jukwaani, mwimbaji Elaine Paige yuko Radio 2, stesheni ya muziki ya BBC. Ukipenda mikono yenye udongo, saa nane Gardeners' Question Time inarudiwa Radio 4; wamekuwa wakijibu maswali ya bustani tangu 1947. Sina bustani, nina sufuria moja ya mnanaa dirishani, na bado nasikiliza, kwa sababu wataalamu hao hukataa maoni ya wenzao kwa adabu ya ajabu.

Saa tisa hamia Radio 3, ya BBC pia na zaidi ya muziki wa kiklasiki, kwa Choral Evensong, ibada ya jioni ya kwaya inayorushwa tangu Oktoba 1926, ya kwanza ikiwa kutoka kanisa la Westminster Abbey. Ya Jumapili kwa kawaida ni marudio ya ile ya Jumatano. Mimi ni Mwislamu wa Tanga na sioni tabu. Sikiliza zaburi pande mbili za kwaya zinapopokezana mistari, utakumbuka safu za maulidi zinavyoitikiana. Zima taa, usifanye lolote. Watu huniambia Radio 3 ni ya wasomi. Sikio halina cheti.

Wazee ninaowahudumia huniambia Jumapili za zamani hazikuwa hivi. John Reith, mkuu wa kwanza wa BBC na mtoto wa mchungaji wa Uskochi, aliifanya siku hiyo iwe nzito, na katika miaka ya 1930 watu wakakimbilia Radio Luxembourg kwa muziki mwepesi na matangazo ya biashara. Baada ya vita adhuhuri ikawa ya Family Favourites, nyimbo na salamu kati ya askari waliokuwa Ujerumani na jamaa zao nyumbani. Kumbe salamu za redioni si zetu peke yetu.

Jioni narudi Radio 4 kwa kipindi kimoja tu, Pick of the Week, vipande bora vya wiki iliyopita. Hicho ndicho kinachonipa orodha ya kutafuta baadaye. Saa nne usiku kengele ya Big Ben hulia Radio 4, nami huzima tena, nikalala kidogo kama sina zamu.

Cha mwisho, kwa kalenda, ni cha Jumatatu: saa 6:48 usiku, Shipping Forecast, hali ya hewa kwa mabaharia. Hutanguliwa na muziki laini wa Sailing By. Halafu majina ya maeneo ya bahari, 31, kuanzia Viking na kuizunguka Uingereza. Kila eneo hupewa upepo, bahari, mvua, na umbali wa kuona. Jifunze maneno matatu kwanza: "imminent" ni ndani ya saa sita, "soon" ni kati ya sita na kumi na mbili, "later" ni zaidi ya hapo. Kwa mtoto wa kusi na kaskazi mengine yatakuja.

Aliyenifundisha ni babu mmoja pale kazini, aliyevua samaki kwa meli za Hull hadi karibu na Iceland. Miguu haikuwa na nguvu tena, lakini kwenye zamu zangu za usiku hakukubali nimfunike blanketi kabla Humber, eneo la bahari la upande wa Hull, haijatajwa. Alikuwa akingoja neno la mwisho la eneo hilo. Likiwa "good", maana yake unaona zaidi ya maili tano za baharini, alinyoosha mkono azime mwenyewe. Likiwa "poor", aliniomba niiache ikiwaka.