Usilaze kompyuta isiyo na feni juu ya king'amuzi

Kama una kikompyuta cha Linux kisicho na feni cha kuangalizia filamu sebuleni, kisimamishe kwa ubavu, mapezi ya kasha (vibamba vyembamba vya kupozea) yakiwa wima, na uache upana wa vidole vinne kila upande. Kasha lenyewe ndilo linalopoza prosesa: hewa ya moto hupanda katikati ya mapezi na kuvuta ya baridi kutoka chini. Ukikilaza juu ya king'amuzi, ambacho nacho ni jiko, hewa haina pa kupita. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, prosesa inapunguza kasi ili isiungue, picha inaanza kukwamakwama, na lawama zote anabebeshwa mwenye intaneti.

Pima joto kwanza. Kwenye Debian au Ubuntu andika sudo apt install lm-sensors, halafu watch -n 2 sensors filamu ikiwa inacheza. Tazama mstari wa Package id 0, ndio joto la prosesa nzima. Nyuzi 60 hadi 75 hakuna neno. Ikigota 90, hamisha.

Kuisimamisha hakutasaidia ikiwa video inafunguliwa na prosesa yenyewe badala ya chipu ya picha. Kwa mfano, prosesa ya Intel Celeron J4125 haifungui AV1 (mfumo mpya wa kubana video) kwa chipu, Intel N100 inafungua. Endesha vainfo, amri inayoorodhesha mifumo ya video ambayo chipu inaifungua: kama AV1 haimo kwenye orodha, tafuta faili la mfumo wa zamani zaidi, H.264 au HEVC. Na ndani ya kabati la TV lenye mlango wa kioo, isimamishe, ilaze, ni yale yale.