Marangu kwa miguu: anzia kilabuni, panda na mfongo, rudi na mto

Matembezi haya hayahitaji buti za mlimani wala mpagazi. Ni mwendo wa saa mbili tatu za kujinyoosha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na mibuni ya Wachagga, maji ya mto au ya mfongo (mfereji wa kienyeji wa kumwagilia) yakiwa pembeni yako karibu muda wote. Juni hadi Oktoba ni wakati mzuri, hata Januari na Februari. Masika, Machi mpaka Mei, udongo mwekundu wa huku unateleza kama sabuni. Ahirisha.

Hatua ya 1: Fika Marangu Mtoni. Kutoka Moshi panda gari la Marangu linalopitia Himo, kama kilomita 40. Wahi asubuhi.

Hatua ya 2: Ingia kilabu cha mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, lakini usiagize bado. Wengi huona kilabu ni pa kumalizia. Mimi naona ndipo pa kuanzia, kwa sababu habari zote za njia ziko pale. Wape wazee shikamoo, kaa kwenye benchi, kisha uliza: jana mvua ilinyesha msituni, kule juu mlimani? Mfongo upi una maji leo? Swali la mvua usiliruke. Hapa Marangu Mtoni jua linaweza kuwa kali huku msituni juu inamwagika, na mto ukaja ghafla. Aliyeteremka asubuhi hiyo kutoka juu anajua. Simu yako haijui.

Hapo hapo omba kijana wa kukusindikiza na mpatane bei kabla ya kuondoka. Njia nyingi zinapita uani kwa watu, na mgeni mwenye mwenyeji hasumbuliwi. Ukiona masale, ile mimea ya majani marefu, yamepandwa mstari, huo ni mpaka wa kihamba. Usikatize.

Hatua ya 3: Panda na mfongo, usipande na mto. Mto unashuka kwa kasi na kingo zake zina miinuko ya kukata pumzi. Mfongo ulichimbwa kuambaa na ubavu wa kilima ili maji yateremke polepole, kwa hiyo njia ya kando yake ni karibu tambarare. Ukiufuata kinyume na maji, utakufikisha kwenye mto wenyewe bila jasho jingi, ukipita chini ya migomba na mibuni.

Tembea upande wa mlimani. Ule ukingo wa nje ni udongo tu ulioshindiliwa; ukimeguka, maji ya zamu ya mtu yanaishia bondeni, na utasikia maneno. Utakutana pia na mahali mfongo umezibwa kwa mawe, matope na vipande vya mgomba ili maji yageukie shambani. Ruka, usiguse hata jiwe moja.

Hatua ya 4: Pumzika kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Usiendelee juu zaidi: mbele ni msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na huko kuna kibali na ada. Tazama maji. Yakibadilika rangi au yakianza kuleta majani na vijiti, ondoka mtoni mara moja.

Hatua ya 5: Rudi kwa upande wa maporomoko ya Kinukamori. Kuna kiingilio. Njiani utaona migomba imeshuka mpaka majini, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Vihamba ni vikongwe kuliko sheria hiyo, na mjadala wake hauishi.

Hatua ya 6: Sasa agiza. Mbege ni ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake unatokana na gome la mti wa msesewe. Tikisa kata kidogo kabla ya kunywa, maana ulezi hutuama chini, na ulezi ndio shibe yenyewe. Ya asubuhi ni tamu. Ya jioni imekomaa na inapanda kichwani, kwa hiyo kula mtori kwanza. Mnunulie na kijana wako, kama anakunywa, na muulize gari la mwisho la Himo linaondoka saa ngapi.