Jinsi ya kuitazama Sin City: anza na rimoti

Mara ya kwanza niliiona filamu ya Sin City kwenye kibanda umiza, kwenye TV ya chogo. Rangi zilikuwa zimepandishwa mpaka mwisho, maana mwenye kibanda aliamini mteja hawezi kulipia picha isiyo na rangi. Weusi wote ukawa kijivu kama majivu ya jiko. Kuna jambazi mmoja wa manjano mwili mzima, naye alionekana kama papai bichi. Jamaa wa nyuma yangu akauliza kama CD ni mbovu, na mimi, mchoraji wa mabango niliyepaswa kujua, nikamwambia ndiyo, mbovu. Miaka kadhaa baadaye niliirudia nyumbani, ndipo nikaelewa tulichokosa.

Kwa hiyo ngoja usiku. Zima taa, vuta pazia. Filamu hii imesimama juu ya weusi, na mwanga wa dirishani ukigonga kioo, nusu ya picha imekwenda. Kisha shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha. TV nyingi hutoka dukani zikiwa na rangi kali za kuvutia wanunuzi. Toa hiyo, weka ile ya sinema. Shusha mwangaza kidogo kidogo mpaka koti la mtu aliye gizani liwe jeusi kama wino, lakini uso wake usizame.

Kipimo kipo mwanzoni kabisa. Mwanamke amesimama nje, juu ya ghorofa, usiku. Jiji lote ni nyeusi na nyeupe. Gauni lake na midomo yake tu ndivyo vyekundu. Mwanamume anamwashia sigara, na kiberiti kinapowaka macho ya yule mwanamke yanageuka kijani, halafu yanarudi yalivyokuwa. Ukiuona ukijani huo, TV yako iko sawa. Usipouona, rudi kwenye rimoti.

Usumbufu wote huu unatokana na katuni. Frank Miller alianza kuitoa Sin City mwaka 1991, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kijivu hakuna. Anayeshika brashi anajua ugumu wake: kivuli hukichanganyi, unakikata, na ukikosea hakuna pa kujificha. Robert Rodriguez alipoipeleka kwenye sinema mwaka 2005 alizifuata zile kurasa karibu picha kwa picha. Alitaka Miller aandikwe kuwa mwongozaji mwenzake. Chama cha waongozaji cha Marekani kikagoma, naye akajitoa chamani. Waigizaji walirekodiwa huko Texas mbele ya ukuta wa kijani, jiji likaja kuwekwa baadaye kwa kompyuta. Nick Stahl, aliyecheza yule jambazi wa manjano, alipakwa buluu, ili kompyuta isimchanganye na ukuta, kisha wakambadilisha. Papai langu bichi basi halikuwa mbali sana na ukweli.

Ndiyo maana nasema: simamisha picha. Filamu nyingine ukiisimamisha unaiua, hii inakuzawadia. Simamisha Marv, mmoja wa masteringi, akiwa kwenye mvua. Plasta zilizobandikwa usoni zinang'aa nyeupe kuliko meno yake, na mvua ni mistari, kama mtu amepaka bango jeusi lote kisha akalikwaruza kwa wembe. Mimi huwa nafanya hivyo hivyo nikichora radi. Nilisimamisha hapo nikachukua karatasi nijaribu kuuiga ule uso, kidevu kilinishinda.

Sauti sasa. Subufa ishushe, maana mtu anakusimulia hadithi muda wote, kwa sauti ya chini, kama anaongea na nafsi yake. Na hapa watafsiri wa muvi wanisamehe, wamenilea: toleo lenye mtafsiri usilichukue. Mtafsiri huongea pale steringi anaponyamaza, lakini huyu steringi akifunga mdomo ndipo anaanza kuwaza kwa sauti, na mawazo yake ndiyo filamu. Kingereza kikikupiga chenga, washa maandishi.

Tena ile sheria ya kibandani kwamba steringi hafi, iache mlangoni. Marv wanamkalisha kwenye kiti cha umeme. Hartigan, polisi mzee anayechezwa na Bruce Willis, anaanguka mapema sana, filamu inamwacha pale na kwenda kwa watu wengine, halafu inamrudia sehemu ya mwisho. Binti ambaye Hartigan alimwokoa akiwa na miaka 11 sasa ana 19. Usidhani umeruka kipande.

Watoto wakalale, hilo halina mjadala. Wewe mwenyewe, usiweke nyama choma mezani. Damu mara nyingi ni nyeupe kama chokaa iliyomwagika, mara nyingine ya manjano, na kwa sababu hiyo tumbo linavumilia mambo ambayo yangekuwa mekundu ungetoka nje. Kuna sehemu hata weupe hausaidii: ukifika kwa Kevin, kijana mpole mwenye miwani anayekula watu, utanikumbuka. Kwa upande wa vichekesho, subiri Dwight, steringi mwingine, aendeshe gari usiku na maiti pembeni inayomsemesha. Onyesho hilo aliliongoza Quentin Tarantino, kwa malipo ya dola 1.

Mke wangu alitazama dakika kama 40 hivi, akauliza, "Mji mzima huu hakuna mwanamke mwenye nguo?" akaenda kulala. Sikuwa na jibu, na bado sina. Miller anawachora wanaume kila mmoja na kovu lake, wanawake anawachora wote kwa kalamu moja. Miho namtoa: ana panga, hasemi hata neno moja, na hutamsahau.

Ukimaliza, rudisha mipangilio ya TV. Mimi nilisahau. Kesho yake tamthilia ya mke wangu ikawa usiku mtupu, bwana harusi haonekani, bibi harusi meno tu, na tangu siku hiyo rimoti inalala upande wake wa kitanda.